Imezimwa, Imelala, Imebanwa

Kila anayempelekea mwalimu mmoja wa fizikia kompyuta mbovu hukutana na swali lile lile, na wengi huliona la kuudhi. Mtu kaja na mpakato kwapani, jasho linamtiririka, anasema kwa mkato, "Mwalimu, tachipadi imekufa." Mwalimu haigusi mashine. Humtazama mwenye mashine, kisha humuuliza, "Imekufaje?"

Swali hilo hakuzaliwa nalo. Anafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari wilayani Muheza, mkoani Tanga, na katika miaka michache amezitangazia msiba tachipadi kadhaa, zile sehemu za mpakato za kusogezea mshale kwa kidole, ambazo baadaye zilikutwa hai, zinapumua. Moja ilikuwa imezimwa. Nyingine ilikuwa imelala. Nyingine imebanwa haina hata nafasi ya kujitikisa. Kwa aliyekaa mbele ya skrini zote zilikuwa kitu kimoja tu: kidole kinafanya kazi, kompyuta haijali.

Kumbukumbu za misiba hiyo zimo kwenye kaunta buku lililofunikwa kwa karatasi ya kaki, lenye safu nne alizozipiga kwa rula: tarehe, dalili, kilichojaribiwa, kilichokuwa. Safu ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo yenye aibu nyingi.

Aibu ya kwanza ni ya mwaka 2020. Mpakato wake, mtumba alioununua Kariakoo, ulikuwa unaendeshwa na Windows 7, na Januari 14 mwaka ule Microsoft iliacha kuutolea mfumo huo viraka vya usalama. Mashine yenye kumbukumbu ya GB 4 isingebeba Windows mpya zaidi bila kuburuta miguu. Machi 17 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na Aprili 23 likatoka toleo la Ubuntu 20.04. Mwalimu akajikuta ana muda mwingi na sababu nzuri.

Jina hilo halikuwa geni kwake. Ubuntu na utu wetu ni ndugu wa damu. Mfumo huo wa Linux ulianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, toleo la kwanza likatoka Oktoba 2004, na kwa miaka mingi, hadi 2011, mtu yeyote duniani aliweza kuagiza sidii yake ikamfikia kwa posta bila kulipa senti. Mwalimu, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliipata yake mwaka 2006. Chuoni hapo hapo ndipo mradi wa Kilinux ulikuwa umetafsiri programu za ofisi kwa Kiswahili na kutoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004. Lakini ujana una mambo yake. Ile sidii ilimtumikia bwenini kama kioo cha kunyolea ndevu.

Miaka 14 baadaye aliweka Ubuntu kwa mkono wake mwenyewe, na kwa miezi miwili mambo yalikwenda vizuri kiasi cha kumfanya ahubiri. Shule zikafunguliwa Juni 29. Wiki ya kwanza tu, akiwa na kitambaa chenye unyevu, alifuta vumbi la chaki lililokuwa limejaa kwenye kibodi. Asubuhi iliyofuata mshale haukusogea.

Alichofanya ni kile kifanywacho na mtu aliyebadili dini juzi akaugua jana: alilaumu dini mpya. Akafuta kila kitu, akaiweka Ubuntu upya. Mshale kimya. Akaiweka tena, safari hii akichagua lugha nyingine na mpangilio mwingine wa kibodi, bila sababu anayoweza kuieleza hadi leo. Kimya. Akanunua bando, akapakua Linux Mint 20 iliyokuwa imetoka siku chache nyuma, akaiweka hiyo. Kimya. Kazi yote hiyo aliifanya kwa kipanya cha kuazima kwa katibu muhtasi, na katika kufuta kwa pupa alifuta pia faili la alama za majaribio ya kidato cha nne. Alizichapa upya kutoka kwenye karatasi, usiku mbili, huku mbu wakimnyonya damu.

Aliyemwokoa ni msichana wa kidato cha pili aliyetumwa ofisini kurudisha madaftari. Alisimama pembeni ya meza akimtazama mwalimu anavyohangaika.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, hiki kitufe chenye picha ya kidole na mstari, kazi yake ni nini?"

Kilikuwa kimoja cha vile vya safu ya juu, vinavyofanya kazi vikibonyezwa pamoja na Fn. Mwalimu alibonyeza. Mshale ukaruka kama panzi.

Kitambaa ndicho kilichozima. Na sababu ya mifumo mitatu mfululizo kushindwa kuiwasha ni kwamba kwenye baadhi ya mipakato hali ya kitufe hicho haikai kwenye diski. Hukaa kwenye kidhibiti kidogo kilichomo ubaoni, kile kinachoshughulikia kibodi na feni na betri hata kabla mfumo haujaanza kupanda. Unaweza kufuta diski mara mia. Kidhibiti hakina habari. Zaidi ya hapo, mwalimu alikuwa na njia ya kulijua hilo kwa dakika 5 bila kufuta chochote. Fleshi ile ile aliyotumia kuweka Ubuntu ina uwezo wa kuendesha mfumo wote kutoka kwenye fleshi yenyewe, diski ikabaki kama ilivyo. Kama tachipadi ni kimya hata huko, basi kosa haliko kwenye mafaili yako.

Jioni ile, kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza wa kaunta buku, kuna jambo lilimkaa kichwani ambalo halikuwa la kompyuta wala la fizikia. Lilikuwa la sarufi. Watu wote ofisini, yeye akiwemo, walikuwa wakisema tachipadi imezimika. Kumbe ilikuwa imezimwa. Herufi chache tu, lakini kitendo cha kwanza kimejitokea chenyewe, cha pili kina mtendaji. Ukisema imezimika, unatafuta ugonjwa. Ukisema imezimwa, unalazimika kuuliza: na nani? Kiswahili kilikuwa kimempa kipimo cha bure, naye kwa wiki nzima alikuwa hakitumii.

Tangu siku hiyo akaamua kuifuata safari ya kidole. Alianza kwa kuichora ubaoni, kwa ajili ya klabu ya kompyuta ya shule, wanafunzi 11 na mipakato mitatu.

Chini ya ile plastiki laini kuna gridi ya nyuzi za kupitisha umeme, nyingine zimelala, nyingine zimesimama. Kati ya nyuzi hizo kuna uwezo mdogo wa kuhifadhi chaji. Kidole, ambacho ni maji na chumvi ndani ya ngozi, kikisogea karibu hubadilisha uwezo huo, na chipu ndogo iliyo chini inapima mabadiliko katika kila makutano na kukokotoa kidole kiko wapi. Ndiyo maana kijiti kikavu hakisogezi mshale, wala ncha ya ukucha. Na ndiyo maana vidole vyenye jasho la Muheza, mwezi Februari, huichanganya: tone la maji nalo linaonekana kama kidole.

Wazo hilo lilifanyiwa kazi na George Gerpheide huko Utah, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1994 Apple iliiweka kwenye PowerBook za mfululizo wa 500, mahali ambapo mipakato mingi ya wakati ule ilikuwa na kigololo cha kuzungusha. Wanafunzi walipenda zaidi habari za Federico Faggin, Mtaliano aliyeongoza usanifu wa chipu ya Intel 4004 iliyotoka 1971. Mwaka 1986 yeye na Carver Mead walianzisha kampuni ya Synaptics wakiwa na ndoto ya kutengeneza chipu zinazofanya kazi kama ubongo. Ubongo ulichelewa; jina la kampuni likaja kujulikana duniani kwa tachipadi.

Kutoka kwenye chipu, ujumbe unasafiri kwa waya. Kwenye mipakato ya zamani waya huo unazungumza lugha ya PS/2, iliyokuja na kompyuta za IBM za mwaka 1987, hata kama tundu lake la duara halionekani popote nje ya mashine. Kwenye mipya mingi ni I2C, lugha iliyobuniwa na Philips ya Uholanzi mwaka 1982. Kisha unapokelewa na kerneli, kiini cha Linux, kupitia draiva inayoijua lugha hiyo. Kerneli inaukabidhi kwa libinput, maktaba ambayo kwa miaka mingi imetunzwa na Peter Hutterer, na ambayo kazi yake ni kuamua maana: hiki ni kidole au ni kiganja kilichoegemea? Vidole viwili vinasogeza ukurasa au vinabofya? Mwishoni kabisa ndipo mazingira ya kazi, yaani dirisha na menyu unazoziona, yanapoambiwa mshale uende wapi.

Vituo vitano: kidole na gridi, waya, draiva, libinput, skrini. Mwalimu aliwaambia vijana kwamba kazi ya fundi ni kujua ujumbe umefika kituo gani kabla haujapotea, kama vile unavyomtafuta abiria wa basi la Tanga aliyeshuka njiani. Huanzi kwa kulivunja basi.

Mtihani wa mchoro huo ulikuja masika ya 2021, kwenye mpakato ule ule. Safari hii kaunta buku lilikuwa tayari, na dalili ziliandikwa kwa sentensi mbili: "Ikifunikwa inakufa. Ikiwashwa upya inapona."

Sentensi hizo zilikuwa nusu ya jibu. Kama inapona baada ya kuwashwa upya, basi gridi ni nzima, waya ni mzima, draiva ipo na inaifahamu. Tatizo liko kwenye kuamka. Kila alipofunika mpakato kwenda darasani, mashine ililala. Aliporudi na kuifunua, kila kitu kiliamka isipokuwa tachipadi.

Alifungua dirisha la amri kwa Ctrl, Alt na T, njia ambayo haihitaji mshale, na hapo mwalimu wa fizikia akapata kitu kilichomfurahisha kama galvanomita mpya. Kuna faili liitwalo /proc/interrupts ambalo si faili la kweli. Ni kerneli inajibu kila unapoisoma. Linaonyesha ni mara ngapi kila kifaa kimeigonga kompyuta begani na kuiambia "nina ujumbe". Kwenye mashine za PS/2, kibodi inagonga kwenye mstari wa 1, na tachipadi kwenye mstari wa 12. Alibonyeza herufi: namba ya mstari wa 1 ikapanda. Hilo lilikuwa jaribio lake la kulinganishia. Akapitisha kidole kwenye tachipadi.

Namba ya mstari wa 12 ikapanda.

Alikaa akiitazama. Tachipadi aliyoitangaza kufa ilikuwa inabisha hodi kwa nguvu zake zote. Ujumbe ulikuwa unatoka kwenye kidole, unapita kwenye waya, unafika kwenye kerneli, na hapo ndipo unapotupwa. Akasoma shajara ya kerneli kwa amri ya dmesg, akakuta mstari umejirudia: psmouse, draiva ya vifaa vya PS/2, inalalamika kwamba mpangilio wa baiti umepotea.

Kosa lenyewe ni rahisi kuliko linavyosikika. Kipanya cha kawaida cha PS/2 hutuma ujumbe wa baiti 3 kwa kila mwendo. Tachipadi nyingi za enzi ile, zikishaelewana na draiva, hutuma baiti 6 ili ziweze kueleza kidole kilipo na kinavyokandamiza. Makubaliano hayo hufanyika wakati wa kuwaka. Tachipadi ikilala umeme ukakatika kwake, inaweza kuamka imesahau makubaliano, huku draiva bado inahesabu sita sita. Ni kama mtu anayekusomea namba ya simu tarakimu moja moja nawe ukakosa ya kwanza: zote unazosikia ni za kweli, lakini zimekaa mahali pasipo pake, na simu haiiti.

Dawa ilikuwa kuwatambulisha upya. Amri ya modprobe -r psmouse inaiondoa draiva kwenye kerneli. Amri ya modprobe psmouse inairudisha, nayo inaanza salamu tangu mwanzo. Amri mbili, kipindi kifupi kuliko cha kupiga chafya, na mshale ukatembea. Mwalimu alipiga kofi la mkono mmoja mezani hadi kikombe cha katibu muhtasi kikaruka.

Ili asizichape kila siku, aliziandika kwenye hati ndogo na kuiweka kwenye folda ya system-sleep, ambayo systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, huipitia kila mashine inapolala na inapoamka. Haikufanya kazi. Kwa wiki nzima aliibadili hati, akaongeza mistari, akapunguza. Kwenye safu ya nne ya kaunta buku, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, imeandikwa: "Sikuipa ruhusa ya kutekelezwa. chmod +x. Mjinga ni mimi."

Baada ya hapo sifa zake zilienea. Madamu wa hesabu alileta mashine ambayo tachipadi yake ilikufa siku kipanya chake kisicho na waya kilipopotea. Mwalimu hakuuliza mengi. Aliigeuza, akakuta kipokezi chenye ukubwa wa ukucha bado kimechomekwa ubavuni. Mfumo ulikuwa umeagizwa uzime tachipadi kila kunapokuwa na kipanya cha nje, na kwa ushahidi wa kipokezi kile, kipanya kilikuwepo. Imezuiwa. Alikichomoa kipokezi, akakirudisha mkononi mwa Madamu, na kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Mambo kama hayo humfanya mtu atembee kifua mbele.

Kifua hicho ndicho kilichokutana na mpakato wa mkuu wa shule.

Ilikuwa mwaka 2023, mashine nyembamba, nzuri, mpya kuliko zote ofisini. Mara ya kwanza ilikuja na lalamiko kwamba mshale unarukaruka, lakini ofisini kwa mkuu tu, tena wakati wa kuchaji tu. Mwalimu akaenda kuangalia. Chaja ilikuwa na plagi ya pini mbili iliyosukumizwa kwa nguvu kwenye soketi ya matundu matatu, na tundu la juu lilikuwa limefunguliwa kwa kifuniko cha kalamu, mbinu ambayo kila nyumba yenye umeme katika nchi hii inaijua na hakuna inayopaswa kuitumia. Tundu hilo ni la waya wa ardhini, ethi kama wasemavyo mafundi. Chaja isiyo na ethi huweza kuuacha mwili mzima wa mpakato ukielea na umeme mdogo, mdogo kiasi cha kusikika kama mnyeo ukiupapasa. Gridi inayopima chaji ndogo kiasi kile inaona vidole ambavyo havipo. Alitafuta waya wa chaja wenye pini tatu, mshale ukatulia, mkuu akamsifu mbele ya walimu wote.

Miezi kadhaa baadaye mkuu alirudi. "Mwalimu, sasa imekufa kweli."

"Imekufaje, Mkuu?"

"Mshale unatembea, lakini haibofyi. Na ukisogeza, inakokota kila kitu."

Jibu zuri kabisa, kama lingesikilizwa. Mwalimu alifungua dirisha la amri na kuendesha libinput debug-events, inayoonyesha kila tukio kadiri linavyofika kituo cha nne. Skrini ikaandika kwamba kitufe cha kushoto kimebonyezwa. Mikono ya mwalimu ilikuwa mapajani.

Safu ya tatu ya siku zile mbili inajaza kurasa tatu. Alirudi kwenye kerneli ya zamani kupitia menyu ya kuwashia. Alizima ubofyaji wa kugusa, akauwasha. Aliondoa draiva ya I2C na kuirudisha, akikumbuka ushindi wa mwaka 2021. Aliongeza vigezo kwenye mstari wa kerneli alivyovielewa nusu. Akabadili mambo matatu kwa mpigo, kitu anachowakataza wanafunzi maabara kila muhula, kisha akashindwa kujua lipi limefanya nini. Usiku wa pili, saa saba, aliandika hukumu: "Tachipadi imeharibika ndani. Inunuliwe nyingine."

Jumamosi walikwenda naye mkuu hadi Tanga mjini, Ngamiani, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba. Fundi alikuwa mama wa makamo, ushungi umefungwa nyuma ya shingo ili usimwingilie kwenye kazi, na meza yake ilikuwa kabati la kioo lililojaa betri na skrini za mitumba. Mwalimu alimweleza yote: kerneli, libinput, vigezo. Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaufunga mpakato, akaulaza juu ya kioo, na kuusukuma pembeni kwa kidole kimoja.

Mpakato ukazunguka kama pia.

"Mwalimu," alisema, "kitu kikiwa na chini tambarare hakizunguki. Hiki kimeota tumbo."

Betri ilikuwa imevimba. Betri za lithiamu zikizeeka, hasa zikikaa zimejaa chaji muda wote kwenye joto, kemikali zake huvunjika na kutoa gesi, na gesi haina pa kwenda zaidi ya kuuvimbisha mfuko wake. Katika mipakato myembamba betri hukaa chini ya tachipadi au karibu nayo. Iliposukuma juu, iliikandamiza tachipadi kutoka ndani, na kitufe kikabaki kimebonyezwa mchana na usiku. Mama alihakikisha mashine imezimwa, hakuruhusu iguswe na chaja, akafungua skrubu moja moja na kuitoa betri pole pole kwa kipande cha plastiki, si kwa bisibisi. Ilikuwa imejaa kama mto wa sofa. Aliipeleka nje na kuilaza kwenye ndoo ya mchanga, akamweleza mkuu kwamba ikitobolewa inawaka, na moto wake hauna mchezo.

Tachipadi, ikiwa huru, ilitoa ule mlio wake mdogo wa kubofya. Haikuwa na kasoro hata moja.

Njiani kurudi Muheza mkuu alikuwa mwema; alizungumzia machungwa. Mwalimu alikuwa kimya akirudia kichwani ule mstari wa libinput. Mashine haikuwa imekosea. Ilimwambia kweli tupu, tena kwa kauli ya kutendwa: kitufe kimebonyezwa. Ni yeye, aliyewafundisha watoto tofauti ya imezimika na imezimwa, ambaye hakuuliza "na nani?" Alidhani kwa kuwa ujumbe ulionekana kituo cha nne, basi kosa liko kituo cha nne au juu yake. Kumbe lilikuwa kabla ya kituo cha kwanza, chini ya mchoro wake, mahali ambapo hakuchora kitu.

Nyumbani alifungua kaunta buku kwenye ukurasa wa usiku wa kwanza. Katika kuhangaika alikuwa amenakili pia matokeo ya amri ya upower kuhusu betri: ujazo wa sasa ulikuwa chini ya nusu ya ule wa kiwandani. Namba ilikuwa pale, kwa mwandiko wake mwenyewe. Aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kisha kwenye jalada la ndani akaongeza juu ya mchoro wa vituo vitano kituo kingine, bila namba: "Iweke mezani. Inatikisika?" Na kwa mkuu, ambaye mashine yake ina uwezo huo, aliweka kikomo cha kuchaji betri mpya kiwe asilimia 80 kupitia faili la charge_control_end_threshold.

Msichana wa kile kitufe cha Fn alimaliza kidato cha nne, akaenda chuo cha afya. Jioni moja simu ya mwalimu iliita.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za masomo?"

"Nzuri, Mwalimu. Tachipadi ya laptopu yangu haifanyi kazi. Kabla hujaniuliza: kitufe nimeangalia, haijazimwa. Hakuna kipokezi cha kipanya. Nimeiweka mezani haitikisiki. Nimeiwasha kwa fleshi ya Ubuntu, huko nako ni kimya. Kwenye orodha ya libinput haipo kabisa."

Mwalimu alivuta kaunta buku, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe. Mikono ilimwasha kwa raha. "Vizuri sana. Kwa hiyo ujumbe unakatikia chini. Ilianza lini?"

"Jana usiku." Kimya kidogo. "Ilimwagikiwa chai."

"Ilimwagikiwa," alirudia mwalimu, kalamu ikiwa juu ya safu ya pili, "au ilimwagiwa?"

Upande wa pili wa simu palikuwa kimya, kisha kikasikika kicheko kilichozibwa kwa kiganja.

"Ilimwagiwa, Mwalimu. Na mimi."